Kitanda Kilichofungwa kwa Bolti

Fundi wa makochi alikuwa akikagua kiti cha mteja umeme ulipokatika. Alikuwa na namna yake ya kukagua. Aliweka kiganja katikati ya sponji, akakandamiza taratibu, akangoja, kisha akakisogeza kiganja pembeni kidogo, akakandamiza tena, akangoja tena, mpaka apate pale ambapo kiti kinajibu. Mafundi wenzake dukani, wote wanaume isipokuwa yeye, walipiga ngumi moja katikati wakasema tayari. Makochi yao yalibonyea kabla mwaka haujaisha. Yake yaliwapa usingizi hata wageni waliokuja kutoa rambirambi.

Cherehani ya duka ilikuwa ya umeme, na bila umeme hapakuwa na la kufanya. Mwenye duka alitazama balbu, akatazama barabara, akasema kila mtu ashike njia yake. Basi yule mama akarudi nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kumtokea siku ya kazi.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, ya matofali, yenye sebule, vyumba viwili vilivyogawana ukuta mmoja, na veranda ndogo mbele. Chumba kimoja kilikuwa cha mama mkwe. Kingine kilikuwa chake yeye na mumewe. Watoto walikwisha kukua na kuhamia kwao.

Mumewe alifundisha udereva, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mkewe akiwemo. Hakuwa mtu mbaya. Hakupiga, hakulewa, hakulala nje, na aliyetaka kumsema vibaya ilimbidi atafute sana. Ila alikuwa na utani. Siku ya harusi yao, ukumbini, alimpachika mkewe jina la Kabati kwa sababu ya upana wa nyonga zake. Wageni wakacheka, na bibi harusi naye akacheka, maana bibi harusi asiyecheka mzaha wa mumewe huambiwa ana kisirani. Jina likakaa. Tangu siku hiyo alivua nguo gizani. Alizoea kutoka bafuni akiwa amejifunga taulo kuanzia kwapani, akizima taa kwa kiwiko kabla hajaliachia.

Kitandani Mwalimu alikuwa na utaratibu ule ule aliowafundisha wanafunzi wake: kagua vioo, washa, ingiza gia, ondoka. Alifika alikokuwa akienda, akazima, akalala. Hakuwahi kugeuka kuangalia kama abiria amepanda. Mkewe hakulalamika. Alilihesabu jambo hilo miongoni mwa kazi za nyumbani, na kwa haki ya Mungu lilikuwa jepesi kuliko kufua mapazia.

Mchana ule alioga, akaingia chumbani, akakuta hakuna taa ya kuzima. Pazia lilikuwa wazi upande wa uwanja wa nyuma, ambako hapakuwa na mtu, na jua lilikuwa limejaa kitandani. Akakaa katikati ya jua hilo, akaanza kujipaka mafuta. Alipofika kwenye paja, kiganja chake kilifanya kilivyozoea kufanya kutwa nzima. Kilikandamiza taratibu, kikangoja.

Paja likajibu.

Akasogeza kiganja. Hakuwa na haraka, umeme ulikuwa haujarudi. Alilipitia tumbo lililobeba watoto, lenye michirizi inayong'aa kuliko ngozi nyingine, akangoja, likajibu. Alizipitia zile nyonga zilizochekwa na ukumbi mzima. Alipita kila mahali kwa subira ambayo hadi siku ile alikuwa ameitumia kwenye samani za watu. Moyo ulimjaa. Hakuwa amejua kwamba ana vitu vyote hivi, na kwamba vyote vilikuwa hai, vimekaa kimya vinamngoja. Mahali fulani alibaki kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo palipojibu kuliko kwingine kote. Raha ikaanza kuja kutoka mbali, bila pupa, kama mgeni anayejua kwamba atafunguliwa mlango.

Ndipo kitanda kikapaa. Aliona kizingiti cha dirisha kikishuka, kisha akaona juu ya kabati la nguo, palipojaa vumbi na sandali moja ya mtoto iliyotafutwa mpaka ikakatiwa tamaa. Kitanda kilifika karibu na dari, kikatulia huko juu muda wote aliouhitaji, na alipotulia yeye nacho kikashuka. Miguu ya kitanda ikagusa sakafu mmoja baada ya mwingine.

Alilia kidogo, na hakulia kwa huzuni. Alilia kwa sababu alikuwa na umri wa kuitwa bibi, na katika wanawake wote waliomfunda, waliomvalisha, waliomzalisha na waliomsuka, hakuna aliyemwambia. Mara ya pili alipanda na kitambaa cha kufutia vumbi.

Mama mkwe alilitaja jambo hilo wakiwa sebuleni wanakunywa chai. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiye na maneno mengi, anayekoroga chai hata sukari ikiwa imeyeyuka zamani.

"Kitanda chako kinapaa," alisema.

"Ndiyo, Mama. Naomba radhi kama miguu inakusumbua kikitua."

"Hainisumbui. Kinafika wapi?"

"Karibu na dari."

Mama mkwe akakoroga. "Changu kilifika usawa wa dirisha. Mara moja tu. Marehemu alikuwa safarini. Nilifikiri ni homa, nikanywa dawa."

"Ikawaje?"

"Ikapona."

Walikunywa chai yao. Mama mkwe alipoinuka kupeleka vikombe jikoni, alisimama mlangoni, mgongo ukiwa umemwelekea mkamwana wake.

"Wewe usinywe dawa," alisema.

Mkamwana akaanza kubadilika, na mabadiliko yake yalionekana. Alishona gauni lenye mkanda kiunoni, yeye ambaye kwa miaka yote alivaa magunia. Alipita katikati ya barabara, si kando kando ya kuta. Dukani mteja mmoja mwanamke alikataa kukaa kwenye kochi jipya akihofia kulivunja kwa unene wake, naye akamshika mkono akamkalisha. Akamwambia kochi ndilo linalopaswa kuwa na wasiwasi. Mteja alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akakaa saa nzima.

Na usiku hakuzima taa tena.

"Kabati, taa," alisema Mwalimu.

"Iache iwake."

Mwalimu akajifunika macho kwa mkono, akaendelea na utaratibu wake. Kitanda hakikutikisika.

Hapo ndipo palipomuuma. Alimpenda mumewe. Alipenda harufu ya viti vya gari kwenye shati lake, na jinsi alivyokanyaga breki ya hewani kila alipopanda gari la mtu mwingine. Huko juu kulikuwa kuzuri, lakini alikuwa akienda peke yake, na kila aliposhuka alitamani kuwa na mtu wa kumuuliza, umeona? Hakutaka kingine chochote. Alitaka siku moja wapande wote wawili, Mwalimu ainue kichwa na kuona juu ya kabati palivyo safi.

Siku moja mwanafunzi wa udereva hakutokea, Mwalimu akarudi mchana. Alifungua mlango wa chumba akakuta kitanda kiko juu, shuka likining'inia kando, na mkewe amelala juu yake kwa utulivu, nywele zikigusa dari.

"Kabati."

"Nipo."

"Natafuta leseni yangu."

"Iko kwenye droo, chini ya soksi."

Mwalimu akainama, akapita chini ya kitanda, akafungua droo, akaipata. Alirudi mpaka mlangoni, akasimama, akaigeuza leseni mkononi.

"Hii imeanza lini?"

"Siku ile umeme ulipokatika dukani."

"Mbona mimi nikiwepo hakipandi?"

Mkewe alifumba macho. Lilikuwa swali alilolingoja kwa muda wote wa ndoa yao, na sasa lilikuwa limeulizwa na mtu aliyeshika leseni ya udereva, amevaa viatu, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Hakulidharau hata kidogo.

"Leo jioni wahi kurudi," alimwambia. "Nitakuonyesha."

Aliwahi. Jua lilikuwa bado halijazama. Mkewe alimketisha, akamvua saa, akauchukua mkono wake wa kulia. Ulikuwa mkono mzuri, uliozoea kuhisi gia inapoingia bila kuilazimisha. Akauweka alipotaka.

"Hapa," alisema. "Taratibu. Sasa ngoja."

"Nangoja nini?"

"Ngoja tu, Mwalimu."

Akangoja. Kwa kitambo kidogo alikuwa mwanafunzi mzuri sana. Alisikiliza kwa vidole, midomo ikiwa imefunguka kidogo, na mkewe alipomtazama akaona uso aliowahi kuuona mara chache, uso wa mtu anayesikia wimbo kutoka nyumba ya jirani. Mguu wa kitanda upande wa mwanamke ukainuka. Ukafuata wa pili. Kitanda kikaegemea upande wa Mwalimu, naye akateleza kidogo kuelekea ukutani, akashika ubao wa kichwani kwa mkono wa kushoto. Kisha akauondoa ule wa kulia.

Miguu ikaanguka. Glasi ya maji kwenye meza ikamwagika.

"Nani kakufundisha haya?" aliuliza.

"Mkono wangu."

"Mkono haujifundishi wenyewe."

"Wangu ulijifundisha. Kazini."

Hilo halikumsaidia. Mwalimu aligeuka akakaa ukingoni mwa kitanda, akavaa saa yake.

"Watu wakisikia je?"

"Wasikie nini?"

"Kwamba kitanda changu kinapaa bila mimi."

"Basi panda," alisema mkewe. Alisema kwa sauti ya chini, na mkono alikuwa bado ameunyoosha. "Ulikuwa umeshaanza kupanda. Panda, Mwalimu."

Mwalimu alitazama maji yaliyokuwa yakitiririka mezani. Inawezekana alifikiria. Uso wake kwa upande ule haukuonekana vizuri.

"Kesho naleta fundi," alisema.

Fundi vyuma alikuja asubuhi na drili, mfuko wa bolti na vipande vya chuma vilivyokunjwa pembe. Alikuwa mzee mchangamfu, na hakuuliza kazi ni ya nini. Mama mkwe ndiye aliyeuliza, akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Unafunga nini, mwanangu?"

"Kitanda, Mama."

"Kimekukosea nini?"

"Kinachezacheza."

"Vinachezacheza sana mtaa huu," alisema fundi vyuma kwa moyo mkunjufu, akipima mguu wa kitanda kwa jicho moja. "Nyumba nyingi nimepita. Wengine huniita kabla hata ya harusi, wawe na uhakika."

Soketi ya chumba kile haikufanya kazi. Fundi vyuma akauvuta waya wa drili hadi chumba cha mama mkwe, akapiga magoti kutafuta soketi ya huko, akachungulia chini ya kitanda cha humo. Alikaa hapo kwa muda.

"Hiki kimeshafungwa," alisema. "Zamani sana. Kazi nzuri hii. Siku hizi hatupati bolti nene namna hii."

Mama mkwe aliweka kikombe chini, akashika mkono wa mkamwana wake, akapiga magoti kando ya fundi, akaangalia. Bolti zilikuwa zimeshika kutu na zimepakwa rangi ya sakafu juu yake, zisionekane. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akipiga deki kukizunguka kitanda kile kisichosogea, akisema mbao za zamani zilikuwa na uzito wake.

"Nami nilidhani ni dawa," alisema.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao. Alimtazama mama yake akiwa magotini, akatazama bolti alizofunga baba yake, na mtu aliyemjua angesema alitaka kunena. Alikohoa. Akamwambia fundi vyuma asichelewe, ana mwanafunzi baadaye. Basi drili ikawashwa, vumbi la saruji likatoka, na ilipofika mchana kitanda kilikuwa kimeungana na sakafu. Mwalimu alikisukuma kwa bega, kwa mguu, kisha kwa mgongo. Akaridhika, akaenda kazini.

Wanawake wawili walibaki sebuleni. Mama mkwe hakukoroga chai, aliinywa tu.

"Naenda kupumzika," alisema alipomaliza. Akaingia chumbani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu mkamwana wake ahamie nyumba ile, kitasa kikasikika kikifungwa kwa ndani.

Mkamwana akaingia kwake. Akafungua pazia, jua likaingia. Alitembea juu ya vumbi la saruji bila taulo, akajilaza. Hakuwa na matumaini ya kwenda popote, na alijiambia hivyo. Alitaka tu kuona kama mwili ungali unajibu baada ya kusikia drili. Akaweka kiganja, akangoja.

Ulijibu. Mwili haukuwa umesikia habari za bolti. Raha ikaja kwa mwendo wake wa siku zote, ikafika, chuma kikalia chini ya kitanda mlio mwembamba, kikashikilia. Kitanda hakikuinuka. Ndipo akasikia, ng'ambo ya ukuta, chuma kingine kikilia. Mlio wake ulikuwa mzito, wa kutu, wa kitu kisichosogezwa tangu kabla yeye hajazaliwa. Akatulia kusikiliza. Alijisikia kama mtu aliyeingia mahali patakatifu akiwa amechelewa, akakuta mtu mzima amekwisha kutangulia mbele. Akafumba macho, akaendelea, na milio miwili ikakutana ukutani ikawa mmoja.

Nyumba ikang'oka. Haikupasuka wala haikutetemeka. Ilijitoa ardhini kwa upole, pamoja na sakafu yake, veranda yake na msingi wake, ikapanda. Dirishani ulipita ukuta wa jirani, kisha nguo za jirani kwenye kamba, kisha paa la jirani, na baada ya hapo ikaonekana barabara yote hadi mwisho, na mapaa ya mji yakiwaka jua, na ndege wakiruka chini kuliko kitanda. Alitazama vyote hivyo akiwa amelala ubavu, uchi kama alivyozaliwa, mkono ukiwa juu ya nyonga yake. Hakuwahi kuona kitu kikubwa hivyo. Aliona kwamba nyonga ile na yale mapaa vinafaa kuwa katika picha moja.

Mwalimu aliporudi nyumba ilikuwa imeanza kushuka, lakini bado ilikuwa juu ya kimo cha gari. Aliegesha pembeni, akahakikisha breki ya mkono, akatoka. Mama yake alikuwa ameketi verandani, amefunga kilemba kipya, miguu ikining'inia hewani.

"Umerudi?"

"Nimerudi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba."

"Mtashuka saa ngapi?"

"Mkeo anapumzika. Subiri."

Mwalimu alizunguka nyumba. Alichungulia chini yake, akaona bolti za fundi zimeshika barabara, mpya na za zamani, hakuna hata moja iliyolegea. Alikagua bomba la maji, lilikuwa limejivuta bila kukatika. Jirani aliyekuwa na ndoo aliomba njia akakatiza chini ya sebule, maana huko palikuwa pafupi zaidi.

"Naona mmepandisha," alisema jirani.

"Tumepandisha kidogo," alijibu Mwalimu.

Kisha akakaa juu ya boneti ya gari, akangoja. Watu wa mtaa walipita wakamsalimia, naye akawaitikia. Waliona nyumba iko juu, wakaona mwenye nyumba yuko chini, hawakuona la kuuliza. Nyumba ilipotua, Mwalimu alifuta viatu mlangoni, akaingia, akauliza kama kuna chakula. Kilikuwepo. Wakala wote watatu. Aliuliza kuhusu nyufa, akaambiwa hakuna. Aliuliza kama vyombo vimevunjika, akaambiwa hakuna hata kimoja. Aliuliza kama itakuwa hivi kila siku, ili ajue saa ya kurudi, na mama yake akamjibu kwamba siku za mvua watapumzika.

Taarifa ya habari ilipokwisha aliingia chumbani. Taa ilikuwa inawaka. Mkewe alikuwa amejilaza bila shuka, ameacha nafasi upande wake, na alimtazama alipokuwa akivua viatu, alipokuwa akivua saa, hadi alipopanda. Mwalimu akajifunika macho kwa mkono. Akafanya kama alivyofanya siku zote, kwa mpangilio ule ule, akafika, akazima. Muda wote huo aliitegea nyumba sikio. Haikufanya hata kishindo. Vikombe vya jikoni vilikaa kimya kwenye rafu, bomba lilikuwa kimya, na ng'ambo ya ukuta mama yake alikuwa akikohoa kikohozi cha kawaida.

"Umeona?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kwenye wasiwasi mkubwa. Akampigapiga mkewe begani, kwa upendo wa kweli. "Nikiwepo mimi, hata nyumba inatulia."

Mkewe alikuwa akiitazama dari.

"Mwalimu," alisema, "hutaki kujua kule juu kukoje?"

Alikuwa ameshalala.